Mgongo wa Mtoto Aliyepooza: Habari ya Ngazi, Chuma na Kiti

Kila mmoja wetu aliyekaa Kamina amepata kumwona mama wa namna hii. Anatoka nyumbani asubuhi, amemfunga mtoto mgongoni kwa kikwembe, wala mtoto huyo si mchanga: ana miaka minane, au kumi. Miguu yake imekakamaa nayo yaning'inia hata karibu na magoti ya mama. Kichwa chaangukia upande mmoja. Mgongo wake haukusimama kama mgongo wa watoto wengine, bali umejipinda kama upinde. Watu wa njiani humtazama, kisha hugeuza macho. Wengine hunong'ona habari za ulozi. Wengine humwambia mama, "Pole," wakapita.

Mama huyo ana swali moja tu: je, mgongo huu waweza kunyoshwa? Swali lenyewe ni la zamani sana. Waganga wa mataifa mengi wamelijibu kwa muda wa miaka zaidi ya elfu mbili, na mara nyingi walijibu vibaya. Tumeona yafaa kuisimulia habari hiyo toka mwanzo, maana mtu anayejua mahali wenzake walipokosea hadanganyiki kwa urahisi.

UGONJWA WENYEWE

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Jambo la kwanza ni kupooza kunakotoka ubongoni, ambako katika Kiswahili cha hospitali huitwa mtindio wa ubongo. Ubongo wa mtoto uliumia ungali mchanga: tumboni mwa mama, au saa ya kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza. Labda mtoto alikawia kutoka akakosa pumzi. Labda alizaliwa kabla miezi haijatimia. Labda alipata umanjano mkali siku za kwanza, au malaria ilimpanda kichwani. Jeraha hilo la ubongo haliongezeki. Halienei kama moto wa nyika. Lakini amri zinazotoka ubongoni kwenda kwenye misuli zimeharibika. Misuli mingine hukaza mno, mingine hulegea.

Jambo la pili ni kupinda kwa uti wa mgongo kuelekea upande, ambako waganga huita skoliosi. Kwa kawaida mtoto mwenye mtindio wa ubongo hazaliwi na mgongo uliopinda. Hupinda baadaye, kidogo kidogo. Uti wa mgongo ni kama nguzo iliyoshikwa kwa kamba pande zote. Kamba za upande mmoja zikivuta kuliko za upande wa pili, au zote zikilegea, nguzo huinama. Na kwa kuwa mtoto angali anakua, mifupa yake hukua vizuri upande usiobanwa, na upande unaobanwa hukawia. Mwisho pingili zenyewe hubadilika umbo, nene huku na nyembamba huku, kama tofali lililokanyagwa kabla ya kukauka. Ndiyo maana jeraha lisiloongezeka huzaa kilema kinachoongezeka mwaka kwa mwaka.

Si watoto wote wenye mtindio wa ubongo wanaopatwa hivyo. Mwaka 1997 wataalamu wa Kanada walitoa kipimo cha madaraja matano: la kwanza ni la mtoto anayetembea mwenyewe bila shida kubwa, la tano ni la mtoto asiyeweza hata kukishika kichwa chake vema. Huko Sweden, ambako tangu mwaka 1994 watoto wa namna hii wanafuatiwa na kuandikwa katika daftari moja, imeonekana kwamba wale wa daraja la kwanza ni mara chache sana mgongo wao kupinda vibaya. Lakini wale wa daraja la nne na la tano, wasiotembea, nusu yao hufika umri wa miaka 18 wakiwa na mgongo uliopinda sana.

Na hasara yake ni kubwa kuliko sura. Mtoto ambaye mgongo umepinda hawezi kukaa. Akikaa, hujiegemeza kwa mikono, na mikono ikiwa nguzo haiwezi tena kushika kijiko wala kuchezea kitu. Nyonga huinuka upande mmoja, uzito wote ukaangukia tako moja, na hapo hutoka vidonda. Mbavu hubana pafu. Chakula hupita njia ya pumzi. Basi, hili si jambo la uzuri wa mwili, ni jambo la kula, kupumua na kuishi na watu.

NGAZI YA WAGIRIKI

Katika vitabu vya kale vyenye jina la Hippocrates, mganga mkubwa wa Wagiriki aliyezaliwa kadiri ya miaka 460 kabla ya Kristo, twasoma habari za kutibu mgongo. Siku zile walikuwako waganga waliomfunga mgonjwa juu ya ngazi, pengine kichwa chini, wakaivuta ngazi kwa kamba hata juu ya mnara au paa la nyumba, kisha wakaiachia ishuke kwa kishindo. Walitumaini kwamba mshtuko utaunyosha mgongo. Watu walikusanyika kutazama. Lakini mwenye kitabu aliichukia desturi hiyo. Asema kwamba waitumiao ni hasa wale wanaopenda kuushangaza umati, na kwamba yeye hakupata kumwona mtu aliyenyoshwa kwa njia hiyo. Yeye alipendelea kitanda cha mbao chenye kamba za kuvuta pande mbili, huku mgongo ukikandamizwa katikati.

Tukumbuke neno hilo juu ya kuushangaza umati. Litarudi mara nyingine.

Miaka mingi ikapita. Katika karne ya kumi na sita mpasuaji Mfaransa Ambroise Paré aliwaagiza wafua silaha wamtengenezee fulana za chuma kwa watu wenye migongo iliyopinda. Alikuwa mtu wa akili. Aliagiza chuma kitobolewe matundu kipate kuwa chepesi, kiwekewe kitambaa kisimchubue mtoto, tena kibadilishwe kila miezi kama mitatu, kwa sababu mtoto hukua na chuma hakikui. Mwaka 1741 Mfaransa mwingine, Nicolas Andry, alitoa kitabu juu ya kunyosha miili ya watoto, akachora mti mchanga uliopinda, umefungwa kwa kamba kwenye mti ulionyoka. Picha hiyo imekuwa alama ya waganga wa mifupa duniani pote.

Picha ni nzuri, lakini mtoto si mti. Mti ukifungwa hutulia. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akifungwa kwa nguvu, misuli yake hukaza zaidi, ngozi hupasuka, pumzi hupungua. Karibu na mwaka 1840, Jules Guérin wa Paris alianza kuikata misuli ya mgongo, akitangaza kwamba amewaponya wengi. Mwenzake Malgaigne alipowatazama wagonjwa, hakukubali kwamba wamepona, na ugomvi wao ukafika hata mahakamani. Mwaka 1877 Lewis Sayre wa New York alieleza jinsi ya kumning'iniza mgonjwa kwa kamba na kumzungushia chokaa ya hospitali hata ikauke. Wengine walipata nafuu. Lakini waganga hawa wote, wenye akili na wasio nayo, walifanana kwa jambo moja: waliuona mgongo, hawakuuona ubongo.

MGANGA ALIYEKUWA KILEMA

Aliyeyafumbua macho ya wengine ni Mwingereza, William John Little, aliyezaliwa London mwaka 1810. Yeye mwenyewe alikuwa kilema. Ugonjwa wa polio ulimpata utotoni ukamwachia mguu uliopinda, na waganga wa kwao hawakuweza kumsaidia. Alipokuwa kijana alisafiri mpaka Hannover, kwa mpasuaji Stromeyer, akakatwa mshipa wa kisigino, mguu ukanyoka. Akarudi kwao na ujuzi huo, akafungua hospitali ya viwete.

Kwa kuwa yeye alijua uchungu wa kutazamwa, alipoletewa watoto wenye miguu iliyokakamaa hakuuliza tu, "Tuufanyeje mguu huu?" Aliwauliza mama zao, "Alizaliwaje?" Majibu yalifanana. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati. Au uchungu ulikuwa mrefu. Au alitoka hana pumzi, akapumua baada ya muda. Mwaka 1861 alisimama mbele ya chama cha waganga wa uzazi huko London akawaeleza kwamba kukakamaa kwa watoto hao kunatokana na ubongo ulioumia. Kwa miaka mingi ugonjwa huo uliitwa kwa jina lake.

Wengine hawakukubali yote. Sigmund Freud wa Vienna, kabla hajawa mashuhuri kwa mambo ya roho za watu, aliandika kitabu juu ya ugonjwa huu mwaka 1897. Alisema kwamba kwa watoto wengine ubongo huwa umeharibika tangu tumboni, na kwamba uzazi mgumu ni dalili tu, si sababu. Leo twajua kwamba wote wawili walikuwa na haki: watoto wengine ni wa namna ya Little, wengine ni wa namna ya Freud.

Huku kwetu Afrika jambo hilo limechunguzwa vizuri Uganda, katika wilaya za Iganga na Mayuge. Wachunguzi walipita katika nyumba za watoto zaidi ya 31,000, na taarifa yao ikatolewa mwaka 2017. Waliona kwamba kati ya watoto 1,000, karibu 3 wana mtindio wa ubongo. Tena, kwa robo ya hao, ubongo uliumia baada ya siku za uchanga kupita, hasa kwa malaria na degedege. Tena waliona jambo la kuhuzunisha: walio wazito kabisa walikuwa wachache zaidi kati ya watoto wakubwa. Waliporudi baada ya miaka kama minne, katika 97 waliowaandika, 15 walikuwa wamekufa. Wengi wao walikuwa wale wasioweza kujisogeza na wale waliokonda kwa kukosa chakula cha kutosha.

Basi, ndugu, anayesema huyu mtoto amelogwa, na anayesema mama alikosa miiko, wote wawili wamejibiwa. Ni jeraha la ubongo. Lina sababu zake, na nyingine zaweza kuzuiliwa: mkunga mwenye ujuzi, umanjano unaotibiwa upesi, chandarua, na mtoto mwenye homa kali kupelekwa hospitalini siku ile ile.

CHUMA NDANI YA MWILI

Sasa turudi kwenye mgongo. Mwaka 1895 Röntgen, mtaalamu wa Ujerumani, aligundua miali inayopita mwilini, na toka hapo waganga waliweza kuuona uti wa mgongo wa mtu aliye hai. Mwaka 1911 Russell Hibbs wa New York alianza kuunganisha pingili za mgongo ziwe mfupa mmoja. Alikusudia kwanza wagonjwa wa kifua kikuu cha mifupa. Miaka michache baadaye akafanya hivyo kwa wenye skoliosi. Lakini mgonjwa alihitaji kulala miezi mingi ndani ya chokaa, na mara nyingi mgongo ulirudi kupinda kabla mfupa haujashikamana.

Mwaka 1948 John Cobb, wa New York pia, alifundisha namna ya kupima. Watu wa Kamina, mji wa njia panda ya reli, wataelewa upesi, kwa maana fundi wa reli naye hupima kona. Katika picha ya eksirei hutafutwa pingili iliyoinama zaidi juu ya kona, na iliyoinama zaidi chini yake. Huchorwa mistari miwili, na pembe kati ya mistari hiyo ndiyo kiasi cha kupinda. Chini ya nyuzi 10 si ugonjwa. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kona ikifika nyuzi 40 kabla ya miaka 15, mara nyingi itazidi kupinda. Ikipita nyuzi 50, huweza kuendelea hata baada ya mtu kumaliza kukua. Tangu Cobb, mganga hawezi tena kuushangaza umati kwa maneno matupu. Anaulizwa: ilikuwa nyuzi ngapi, sasa ni nyuzi ngapi?

Halafu ikaja polio. Katika mji wa Houston, Marekani, miaka ya 1950, Paul Harrington aliona watoto wengi waliopoozwa na polio, migongo imepinda, na mapafu yao ni dhaifu mno hata hawawezi kuvumilia chokaa. Akatengeneza ufito wa chuma wenye kulabu mbili, akauweka ndani ya mwili kando ya uti wa mgongo ili kuutanua. Mwanzoni aliweka chuma peke yake, kikakatika au kikachomoka. Akajifunza kwamba chuma hushikilia kwa muda tu, na kazi ya kudumu ni ya mfupa unaoungana. Mwaka 1962 alitangaza kazi yake, nayo ikaenea ulimwenguni.

Lakini kwa wenye mtindio wa ubongo ufito wa Harrington haukutosha. Kulabu mbili, moja juu na moja chini, hazikuweza kushindana na misuli inayovuta na kutikisika usiku na mchana. Tena mgonjwa alipaswa kuvaa chokaa baada ya upasuaji. Jawabu lilitoka mahali ambapo wengi hawakutazamia: Mexico. Mpasuaji Eduardo Luque alikuwa na wagonjwa maskini, katika nchi ya joto. Chokaa iliwachoma ngozi kwa jasho, na waliokwenda makwao hawakuweza kurudi kutazamwa. Basi akafikiri: kama mgonjwa hawezi kurudi, na chokaa haivumiliki, chuma hakina budi kushika vema tangu siku ya kwanza. Akakifunga kila pingili kwa waya kwenye fito mbili. Nguvu ikagawanyika pote, mgongo ukashikwa bila chokaa. Alitangaza kazi hiyo mwaka 1982. Siku zile zile Allen na Ferguson, wa Galveston huko Texas, walizikunja fito hizo ziingie mpaka mfupa wa nyonga, maana waliona kwamba kwa mtoto asiyetembea nyonga ndiyo msingi, na msingi ukiinama nyumba yote huinama. Siku hizi skurubu hutumika mahali pa waya, lakini njia ni ile ile.

Tunalikazia jambo hili kwa sababu wako wanaodhani kwamba nchi maskini hupokea tu. Luque hakuwashinda wenzake kwa mali. Aliwatazama wagonjwa wake jinsi walivyo, akaanzia hapo.

Je, upasuaji huu ni mwema? Tuseme kweli yote. Mara nyingi mtoto aliyepasuliwa hukaa vema, maumivu hupungua, na wengi wa wazazi husema wangelikubali tena. Lakini hauponyi ubongo. Mtoto asiyetembea hatatembea kwa sababu ya chuma. Tena ni kazi ya saa nyingi, damu nyingi hutoka, na kadiri ya mgonjwa mmoja katika watatu hupata shida fulani: mapafu kuugua, kidonda kuoza, chuma kuvunjika. Wengine hufa. Yataka hospitali yenye damu ya akiba, chumba cha wagonjwa mahututi, mlaza-usingizi hodari, na mtoto aliyelishwa akapata mwili kwanza. Barani Afrika ziko hospitali chache zenye kazi kubwa za namna hii. Moja ni ile aliyoianzisha Daktari Oheneba Boachie-Adjei karibu na Accra, Ghana, iliyofunguliwa mwaka 2012. Toka Kamina huko ni mbali, na gharama yake si ya mkulima wa mihogo.

KITI

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nasi tunawaomba wasubiri kidogo. Maana wakati wapasuaji walipokuwa wakitafuta chuma, wengine walikuwa wakitafuta jambo jingine. Huko London, tangu miaka ya 1940, Berta Bobath na mumewe Karel, waliokimbia Ujerumani ya Hitler, walifundisha kwamba namna ya kumshika mtoto, kumbeba, kumlaza na kumkalisha ni sehemu ya matibabu. Baadhi ya mafundisho yao hayakuthibitika baadaye. Lakini jambo moja limebaki: saa moja ya hospitali haishindi saa 23 za nyumbani.

Mexico tena, katika kijiji cha Ajoya, mwaka 1981 vilema wenyewe walianza karakana ya kutengeneza viti, magongo na viatu, wakisaidiwa na David Werner, ambaye naye alikuwa na ugonjwa unaodhoofisha misuli. Mwaka 1987 Werner alitoa kitabu kikubwa cha kuwaonyesha watu wa vijijini jinsi ya kutengeneza vitu hivyo. Huko Zimbabwe mwalimu Bevill Packer alifundisha watu kutengeneza viti vya watoto hawa kwa makaratasi ya zamani na uji wa unga, vikakauka vigumu kama ubao. Na huko Moshi, Tanzania, mwaka 1981 kilifunguliwa chuo cha mafundi wa viungo, TATCOT, ambacho wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Kongo ya mashariki nayo ina vituo vya kuwahudumia wenye ulemavu wa viungo, kama Heri Kwetu katika Bukavu na Shirika la Umoja katika Goma.

Lakini je, kiti chaunyosha mgongo? Hapana. Hata fulana ya plastiki haiuzuii mgongo wa mtoto huyu usipinde, ingawa humsaidia kukaa. Waganga wamelikubali hilo baada ya kupima kwa nyuzi za Cobb. Kiti kizuri chafanya jambo jingine: kinamweka mtoto wima, mikono yake ikawa huru, macho yake yakaona watu, chakula kikashuka njia yake, pumzi ikaingia. Kwa miaka elfu mbili waganga waliuliza, "Tuunyosheje mgongo?" Siku walipouliza, "Mtoto huyu ahitaji nini?" jibu likawa: ahitaji kukaa. Na hapo hata upasuaji ukapata maana yake, kwa sababu shabaha yake kubwa ni ile ile ya kiti.

HUKU KWETU

Basi, tuseme yale ambayo fundi seremala wa Kamina na mama wa mtoto waweza kuyafanya bila kungojea gari la moshi.

Kiti kiwe na ubao wa kukalia ulio sawa, na ubao wa nyuma. Matako yafike nyuma kabisa. Mapaja na kiwiliwili yafanye pembe kama ya kona ya nyumba. Nyayo zikanyage ubao, zisining'inie. Mkanda upite chini ya tumbo, juu ya mapaja, nyonga isiteleze mbele. Kisha mito mitatu, ya vipande vya godoro au nguo kuukuu: mmoja upande uliotokeza, penye kona yenyewe, miwili upande wa pili, mmoja chini karibu na nyonga, mmoja juu chini ya kwapa, usiibane kwapa yenyewe. Mito ishike, isisukume kwa nguvu. Mbele pawe na meza ndogo ya kuwekea mikono na bakuli la bukari. Baada ya muda mtoto aondolewe, ngozi itazamwe. Pakiwa na wekundu au weusi usioondoka baada ya nusu saa, mto unabana, fundi aurekebishe.

Mtoto asikae kitini kutwa. Abadilishwe mara kwa mara: alazwe ubavuni, alazwe kifudifudi juu ya mto huku mtu akimtazama. Usiku ageuzwe. Mama anayembeba ubavuni abadilishe upande, maana akimbeba upande mmoja kila siku, mtoto hujikunja upande ule ule. Amlishe akiwa wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, asimlishe kamwe akiwa amelala chali. Anayempeleka kwa baisikeli, yaani kinga kama tusemavyo huku, amfungie kiti chenye egemeo, asimning'inize nyuma kama gunia la makala.

Kila miezi sita amvue nguo amtazame mgongo, au ampeleke kwa mganga. Mabega ni sawa? Nyonga ni sawa? Kuna mkunjo mzito kiunoni upande mmoja? Tena asichanganye magonjwa. Mgongo unaotokeza nyuma kama nundu, wenye maumivu na homa za jioni, waweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Huo una dawa, na kukawia ni hatari.

Mwisho, awakimbie wanaoahidi kuunyosha mgongo kwa siku saba, kwa kuuvuta, kuukanyaga, kuuchoma au kuufunga kwa nguvu. Hao ndio wale wa ngazi. Wamebadilisha nguo tu. Dalili yao ni ile aliyoionyesha yule mwandishi Mgiriki: wapenda umati, wala hawaonyeshi aliyepona.

Basi twarudi kwa yule mama wa njiani. Akituuliza, tutamjibu hivi. Mama, mgongo huo hautanyoka wote hapa Kamina, wala hatutakudanganya. Katika hospitali kubwa, kwa watoto wengine, waweza kunyoshwa kiasi, kwa hatari na gharama ambazo yafaa uzijue kabla ya kuuza shamba. Lakini mtoto wako aweza kukaa, toka juma hili, kama fundi mmoja wa mtaa wako atakubali kupima mbao. Akikaa, atakutazama usoni unapopika. Na watu wanaopita, badala ya kugeuza macho, watamkuta yuko mlangoni, amekaa, anawatazama yeye kwanza. Itawalazimu kumsalimu.